Kabla ya Kulaumu Risasi, Soma Mtutu Wako

Malalamiko kwenye uwanja wetu wa kulenga shabaha yameongezeka, na mengi yanafanana. Mwanachama ananunua risasi za .223 zenye vichwa (sehemu inayoruka) vya greni 77 (greni ni kipimo cha uzito), anapiga shabaha ya mita 100, kisha karatasi inarudi na matundu marefu kama ya ufunguo. Tundu la namna hiyo linaonyesha kwamba kichwa cha risasi kimefika kikiwa ubavu, hakikutangulia kwa ncha. Mwenye bunduki huenda moja kwa moja kumgombeza muuza duka.

Tafadhali soma kwanza maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu. Kichwa huruka kwa ncha kwa sababu kinazunguka, na 1:12 maana yake ni kwamba mifereji ya ndani ya mtutu (msokoto wake) inakizungusha kichwa mara moja kila inchi 12. 1:7 inakizungusha kwa kasi zaidi. Mtutu wa 1:12 unafaa vichwa vya greni 55 kushuka chini. Wa 1:9 kwa kawaida unafika greni 69. Greni 77 zinataka 1:8 au 1:7.

Kinachoamua hasa ni urefu wa kichwa, wala si uzito. Hili tumelieleza mara nyingi na bado tunaulizwa. Kichwa cha shaba tupu ni kirefu kuliko cha madini ya risasi (ledi) chenye uzito uleule, kwa hiyo kinataka msokoto wa kasi zaidi. Kanuni ya Mwingereza George Greenhill ya mwaka 1879 bado inasaidia: zidisha 150 kwa kipenyo mara kipenyo, ugawe kwa urefu, vyote kwa inchi. Kwa .224, ambayo ndiyo kipenyo cha kichwa cha .223, unapata takribani 7.5 kabla ya kugawa, kwa hiyo kichwa cha urefu wa inchi 1 kinataka mzunguko mmoja kila inchi 7.5.

Hewa nayo ina sehemu yake. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani; hewa nzito inataka msokoto wa kasi zaidi. Bunduki iliyokuwa ikishika shabaha kwa shida Nairobi inaweza kuyumba kabisa Mombasa kwa risasi zilezile. Mashindano yakiwa pwani, usiende na risasi zilizo ukingoni mwa uwezo wa mtutu wako.

Sasa sheria. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti chako kinataja silaha na kiasi cha risasi unachoruhusiwa kununua na kuwa nacho kwa wakati mmoja. Boksi lisilokufaa bado linahesabiwa humo. Ukinunua jingine juu yake ukapita kiasi hicho, umetenda kosa. Kumpa mwenzako wa klabu risasi zilizobaki, hata bure, ni kosa asipokuonyesha cheti kinachomruhusu. “Tunafahamiana” haisaidii mahakamani. Kubadilisha mtutu kusifanywe na fundi wa kuchomelea: kazi ya kutengeneza silaha kibiashara ni ya mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa tu. Peleka cheti pamoja na bunduki, na uhakikishe mabadiliko yameandikwa kabla hujairudisha uwanjani.

Kama maandishi ya mtutu yamefutika, toa bolti, hakikisha chemba ni tupu, kisha sukuma ufito wa kusafishia wenye mpini unaozunguka na kitambaa kinachobana. Tia alama kwenye ufito, sukuma hadi alama izunguke mara moja kamili, upime umeingia inchi ngapi. Rudia mara tatu. Ukija kwa msimamizi wa uwanja na kipimo hicho, boksi la risasi na ile karatasi yenye matundu marefu, tutaanzia hapo.