Je, wajua kwa nini dodoso pekee haliwezi kuionyesha kampuni masuala yake mazito ya uendelevu?

Kampuni nyingi zikitaka kuandika ripoti ya uendelevu, yaani taarifa ya namna kazi zao zinavyogusa watu, mazingira na uchumi, huanza kwa kutuma dodoso: kati ya mambo haya 20, yapi ni muhimu kwako? Majibu yakirudi, kupunguza karatasi ofisini kunashika nafasi ya juu, maji machafu ya kiwanda yanaburura mkia. Waliojibu hawajadanganya. Ni watu wa makao makuu, na karatasi ndizo wanazoziona kila siku. Anayechota maji mtoni, chini ya bomba la kiwanda, hakuulizwa.

Dodoso hupima umaarufu wa suala. Kiwango cha GRI 3, cha shirika la kimataifa la Global Reporting Initiative (GRI) linalotunga viwango vya ripoti hizi, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023, kinataka kipimwe kitu kingine: ukubwa wa athari za kampuni kwa uchumi, mazingira na watu, pamoja na haki zao za binadamu.

Kwa hiyo anza na mnyororo mzima wa bidhaa. Kwa kiwanda cha kutia nguo rangi, chora kuanzia shamba la pamba, usokotaji, utiaji rangi, ushonaji na usafirishaji, hadi nguo inapofuliwa na kutupwa. Kwenye kila pingili andika nini kinaharibika na nani anaumia. Usiandike “maji”, maana hilo ni neno tu. Andika “maji yenye kemikali za rangi humwagwa mtoni bila kusafishwa, na kijiji cha chini huyanywa”. Hapo kuna kitu cha kupima, na ushahidi wake unatafutika: vipimo vya maabara, rekodi za ajali, daftari la malalamiko.

Ukali wa athari hupimwa kwa maswali matatu: madhara ni makubwa kiasi gani, yamewafikia wangapi au eneo gani, na je, yanaweza kurekebishwa? Kama athari haijatokea bado, ongeza la nne: uwezekano wa kutokea.

Swali hilo la nne ndilo linaloharibu hesabu za wengi. Tuseme unazidisha ukali kwa uwezekano, kila kimoja kikiwa na alama 1 hadi 5. Boila kulipuka na kuua: ukali 5, uwezekano 1, matokeo 5. Kelele za jenereta: ukali 2, uwezekano 5, matokeo 10. Jedwali limeamua kwamba kelele ni nzito kuliko vifo! Ndiyo maana GRI inaelekeza kwamba athari kwa haki za binadamu zipangwe kwa ukali kwanza, uwezekano ufuate.

Mtego wa pili ni wastani. Kanuni za Umoja wa Ulaya hutazama pande mbili: athari za kampuni kwa watu na mazingira, na namna masuala hayo yanavyogusa fedha za kampuni. Suala lenye 5 upande mmoja na 1 upande wa pili likifanyiwa wastani hupata 3, likapotea katikati ya orodha. Weka safu mbili. Uzito wa upande mmoja unatosha.

Mstari wa kukata, yaani alama ambayo suala likiifikia huingia kwenye ripoti, uwekwe kabla ya alama kutolewa. Ukiwekwa baadaye, kila mkuu wa idara atakuwa na sababu nzuri ya kuusogeza kidogo ili suala lake la aibu libaki nje. Orodha ikishapatikana, ipelekwe kwa wanaoathirika na wataalamu wa nje waikosoe, kisha bodi iiidhinishe. Kila kipindi cha ripoti ipitiwe upya, kwa sababu muuzaji mpya wa malighafi au mashine mpya inatosha kubadili mpangilio wote.