Kwa nini vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja ni virefu lakini vyembamba?

Anayeingia kwa mara ya kwanza katika nyumba ya mawe ya kale, iwe mjini Lamu au katika Mji Mkongwe wa Unguja, hushangazwa na umbo la vyumba. Chumba kinaweza kuwa kirefu kiasi cha kutosha safu nzima ya wageni walioketi, lakini ukipima upande wake mfupi, ukuta kwa ukuta, mara nyingi utapata kati ya mita 2.5 na 3 tu. Jambo hili halikusababishwa na ufukara, kwa maana nyumba za wafanyabiashara wakubwa, zenye zidaka (vishubaka vya ukutani) za lipu iliyonakshiwa na milango ya thamani, zina vyumba vyembamba vilevile. Wenye nyumba hizo walimudu kununua nafasi, ila hawakuweza kununua upana.

Jibu linalotolewa kwa kawaida, hata na waongoza watalii, ni kwamba dari zilijengwa kwa boriti za mikoko na kwamba mikoko ni mifupi. Nusu ya kwanza ya jibu hilo ni kweli. Nusu ya pili haitoshi, kwa sababu mkoko uliokomaa hurefuka kupita mita 3 kwa mbali, na wakataji wa delta ya Rufiji na wa visiwa vya Lamu wameuza nguzo ndefu kuliko hizo kwa miaka mingi. Kilichoweka mpaka ni namna boriti inavyopinda inapobeba mzigo mzito. Mwanafunzi wa usanifu majengo akielewa hilo kupitia nyumba hizi, atakuwa ameelewa sehemu kubwa ya somo la mekanika ya miundo.

Tuanze na mzigo wenyewe. Sakafu ya ghorofa katika nyumba ya mawe haifanani na sakafu ya mbao. Boriti hupangwa zikivuka upande mfupi wa chumba, ncha zake zikiwa zimepachikwa ndani ya kuta nene. Juu yake hulazwa vipande bapa vya mawe ya matumbawe, kisha humwagwa mchanganyiko wa chokaa na kokoto ambao hupondwapondwa mpaka ushikamane. Faida zake ni nyingi: sakafu hiyo haishiki moto kwa urahisi, huzuia joto la juani lisishuke upesi, na haitikisiki mtu anapotembea. Gharama yake ni uzito. Tuchukue tabaka la sentimita 25 lenye uzito wa kilo 1,700 kwa kila mita ya ujazo: hizo ni kilo 425 kwa kila mita ya mraba kabla hajapanda mtu yeyote. Tukiongeza kilo 175 za watu, vitanda na makasha, tunafika kilo 600. Ikiwa boriti zimepangwa kwa nafasi ya sentimita 30 kutoka kitovu cha moja hadi kitovu cha nyingine, kila boriti hubeba kilo 180 katika kila mita ya urefu wake, yaani takriban kilonyutoni 1.8.

Je, boriti hufanya nini inapobebeshwa mzigo huo? Hunepa, na katika kunepa huko, nyuzi za mti zilizo upande wa juu hugandamizwa, ilhali zile za upande wa chini huvutwa. Ukivunjia muwa gotini utaona jambo hilohilo: ganda hupasuka upande ulio mbali na goti, ambako nyuzi zinavutwa, na upande unaogusa goti hujikunja tu. Katikati ya kina cha boriti upo mstari ambapo nyuzi hazivutwi wala hazigandamizwi, na kadiri unavyosogea mbali na mstari huo, juu au chini, ndivyo mkazo, yaani nguvu inayobebwa na kila milimita ya mraba ya mti, unavyokua. Kwa hiyo nyuzi za nje kabisa ndizo zinazofanya kazi kubwa, na zile za kiini hukaa karibu bure.

Kipimo cha nguvu inayoipinda boriti huitwa momenti ya kupinda. Kwa boriti iliyoegemea ncha mbili na kubeba mzigo uliosambaa sawasawa, momenti kubwa kabisa iko katikati, nayo ni mzigo wa kila mita mara mraba wa umbali kati ya maegemeo, ukigawanya kwa 8. Neno la kuangaliwa hapo ni mraba. Kwa chumba cha mita 2.7 tunapata kilonyutoni-mita 1.64. Boriti ya kawaida ina kipenyo cha sentimita 12 hivi, na ukikokotoa mkazo katika nyuzi zake za nje unapata karibu nyutoni 10 kwa kila milimita ya mraba, ambao mti mgumu kama mkoko huubeba bila taabu. Sasa ongeza upana wa chumba mara mbili, uwe mita 5.4, bila kubadili kitu kingine. Momenti huongezeka mara nne, na mkazo unakaribia nyutoni 39. Huenda boriti isivunjike siku hiyo, lakini hakuna mhandisi atakayekubali mti usiopasuliwa wala kupangwa madaraja, wenye vifundo na mipindo yake ya asili, ubebe mkazo wa namna hiyo kwa vizazi.

Mnepo una ukali zaidi, na kwa maoni yangu ndio uliowazuia mafundi wa zamani kabla hata ya hofu ya kuvunjika. Mnepo wa katikati hukua kwa umbali uliopandishwa kipeo cha nne. Tukikadiria ugumu wa mkoko kuwa nyutoni 15,000 kwa milimita ya mraba, boriti yetu ya mita 2.7 hushuka kwa milimita 8 hivi, jambo ambalo jicho halilioni wala lipu ya dari hailihisi. Boriti hiyohiyo ikinyooshwa hadi mita 5.4 hushuka mara 16 ya hapo, yaani sentimita 13. Sakafu ya chokaa haivumilii bonde la sentimita 13. Hupasuka, maji ya kuoshea hujikusanya katikati na kupenyeza hadi kwenye mti. Tena mti una tabia ya kuendelea kunepa polepole chini ya mzigo usioondolewa, hivyo hesabu ya mwaka wa kwanza si hesabu ya mwaka wa hamsini.

Mwanafunzi makini atauliza: kwa nini hawakutumia miti minene zaidi? Swali ni zuri, kwa kuwa unene husaidia mno. Uwezo wa mti wa mviringo kuhimili momenti hukua kwa kipenyo kilichopandishwa kipeo cha tatu, na ukakamavu wake dhidi ya mnepo hukua kwa kipeo cha nne. Ili boriti ya mita 5.4 ishuke milimita 8 zilezile, kipenyo chake hakina budi kuongezeka mara mbili na kufika sentimita 24. Hapo hesabu ya karatasini inakutana na bega la hamali. Boriti ya sentimita 12 yenye urefu wa mita 3 ina uzito wa kilo 35 hivi ikiwa mbichi, na mtu mmoja huichukua kutoka ufukweni akapita nayo katika vichochoro. Mti wa sentimita 24 wenye urefu wa mita 6 ni mzito mara nane, unahitaji kundi la watu, hauwezi kukata kona katika mtaa wa Lamu, na isitoshe mkoko mnene ulionyooka kwa urefu wote huo ni adimu.

Kuna kosa moja ambalo wanafunzi hulifanya wanapochora ukarabati wa nyumba hizi, nalo ni kudhani kwamba boriti ikichongwa iwe na pembe nne huwa imara zaidi kwa sababu inaonekana nadhifu. Katika baadhi ya nyumba za wenye uwezo mbao zilichongwa mraba, lakini huo ni urembo unaolipiwa. Mraba mkubwa kabisa unaopatikana ndani ya mti wa sentimita 12 una upande wa sentimita 8.5, na uwezo wake wa kuhimili momenti ni pungufu kwa asilimia 40 kuliko mti uliouchonga. Ukakamavu wake hupungua zaidi, kwa karibu asilimia 58. Kilichoondolewa ni zile nyuzi za nje tulizosema zinafanya kazi kubwa, na shoka au msumeno umekata pia nyuzi ambazo katika mti mzima zilipita bila kukatizwa kando ya vifundo.

Turudi juu ya boriti, kwenye mawe. Jiwe la matumbawe, kama mawe mengi, lina nguvu ya kutosha linapogandamizwa lakini ni dhaifu sana linapovutwa, na ndiyo maana hakuna aliyejaribu kulivusha kutoka ukuta hadi ukuta. Kati ya boriti na boriti, hata hivyo, umbali ni sentimita 30, yaani sehemu ya tisa ya mita 2.7. Kwa kanuni ileile ya mraba, momenti inayolipata jiwe ni sehemu ya 81 ya ile ambayo lingeipata kama lingevuka chumba kizima. Mti umepewa safari ndefu kwa sababu unahimili kuvutwa, na jiwe limepewa safari fupi ambayo udhaifu wake hauna nafasi ya kuonekana. Zege la leo lina udhaifu uleule wa jiwe, na nondo hufanya kazi iliyokuwa ya nyuzi za mkoko. Ndiyo sababu katika sakafu ya kawaida nondo kuu huwekwa karibu na uso wa chini. Kwenye roshani inayochomoza nje bila nguzo mambo hugeuka, kwani uso unaovutwa ni wa juu, na nondo zilizokanyagwa na mafundi wakati wa kumwaga zege hadi zikashuka chini huiacha roshani hiyo ikiwa kama haina chuma.

Baada ya hapo ramani ya nyumba inajieleza yenyewe. Katika nyumba ya Lamu vyumba hufuatana kutoka kiwandani (yaani uani) kwenda ndani: msana wa tini (ukumbi wa chini), msana wa yuu (ukumbi wa juu), kisha chumba kiitwacho ndani, kila kimoja kikiwa ukanda mwembamba kati ya kuta mbili zinazoenda sambamba. Kuta hizo ndizo zinazobeba, na anayetaka nyumba kubwa huongeza ukanda mwingine au ghorofa nyingine. Boriti za pwani yetu zilisafirishwa kwa majahazi hadi Omani na nchi za Ghuba, na huko nako nyumba za kale zilizoezekwa kwa miti hiyo zina vyumba vyenye upana unaokaribiana na wa kwetu.

Waliotaka uwazi mpana walilazimika kubadili mfumo. Katika Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, sehemu iliyoongezwa baadaye ilifunikwa kwa kuba na matao juu ya safu za nguzo, ambapo jiwe hugandamizwa tu, ingawa tao nalo husukuma egemeo lake kwa pembeni na kudai kuta nzito. Jengo la Beit al-Ajaib, lililojengwa Unguja mwaka 1883 katika utawala wa Sultani Barghash, lilileta nguzo za chuma cha kusubu na mihimili ya chuma.

Tatizo kubwa la nyumba hizi leo ni uzito ulioongezwa. Mwenye nyumba anayemwaga sentimita 10 za zege juu ya sakafu ya chokaa ili aweke vigae huongeza kilo 240 hivi kwa kila mita ya mraba, na mzigo wa kila mita ya mraba juu ya boriti unapanda kutoka kilo 600 hadi 840, ongezeko la asilimia 40. Tangi la lita 1,000 juu ya paa ni tani moja nzima juu ya boriti chache. Saruji nayo huzuia unyevu usitoke, na unyevu huo hujificha mahali pabaya kuliko pote: kwenye ncha za boriti ndani ya ukuta.

Nchani momenti ni karibu sifuri, kwa hiyo ncha inayooza haiongezi mnepo wa katikati kwa kiasi kinachoonekana, na mwenye nyumba haoni dalili yoyote anapotazama dari. Lakini nusu ya mzigo wote wa boriti, kilo 240 hivi katika mfano wetu, hushuka ukutani kupitia kipande hicho kifupi, na kikiisha kuoza boriti huchomoka bila kutoa onyo la kunepa. Ndiyo maana fundi mzoefu anayekagua dari hugonga boriti kwa nyundo karibu na ukuta kwanza, pande zote mbili, na akisikia sauti ya uwazi huweka tegemeo chini yake siku hiyohiyo, hata kama katikati ya chumba boriti imenyooka kabisa.