Chembe si vumbi, ndugu zangu

Nimechoka kulisikia. Unaweka diski ya filamu ya kutisha ya Italia ya miaka ya 1970, iliyokarabatiwa kutoka negativu yenyewe, yaani mkanda uliokuwa ndani ya kamera, na mara moja mtu anasema: "Mbona picha inachemka? Diski mbovu hii." Hapa Lubumbashi hata wauzaji wa filamu kwenye vibanda vya komini ya Kenya wanasema hivyo.

Kinachochemka ndiyo picha yenyewe. Mkanda wa milimita 35 hauna pikseli. Una chembe za chumvi ya fedha zilizotawanyika ovyo ndani ya jelatini. Mkanda wa rangi ukisafishwa maabarani, fedha huondolewa na mahali pake hubaki vidoa vya rangi. Kila fremu, yaani kila picha moja ya mkanda, ina mtawanyiko wake, na fremu 24 hupita kila sekunde. Ukizifuta chembe hizo kwa programu, unafuta pia vinyweleo, nyuzi za kitambaa na jasho la paji la uso. Anabaki mtu wa nta.

Vumbi lina alama zake. Simamisha picha, sogeza fremu moja moja. Doa linalotokea kwenye fremu moja na kutoweka ni vumbi: likiwa jeupe, mara nyingi lilikaa juu ya negativu, likiwa jeusi, juu ya nakala ya sinema. Mstari wa wima unaobaki palepale ni mkwaruzo.

Na tafadhali, msihukumu diski kwa majina ya mwanzo! Enzi zile, ili kuweka maandishi juu ya picha, mkanda ulipigwa picha upya kwenye mkanda mwingine, chembe za pili zikalala juu ya za kwanza. Ndivyo ilivyo pia pale tukio moja linapoyeyuka ndani ya lingine. Majina yakiisha, picha inatulia.

Kinachoharibu kweli ni kubana filamu ili iingie kwenye flashi. Dakika 90 za Blu-ray, diski ya filamu ya ubora wa juu, kwa megabiti 35 kwa sekunde, zinakula karibu gigabaiti 24. Mnazibana hadi 1.4, yaani megabiti 2 hivi kwa sekunde. Programu ya kubana hutegemea kinachofanana kati ya fremu na fremu, na chembe hazifanani kamwe. Basi inakata picha miraba miraba, hasa gizani, na filamu za kutisha zinaishi gizani. Halafu analaumiwa aliyekarabati.

Kwenye televisheni chagua hali ya sinema, zima ulainishaji wa mwendo na kila kinachojiita kusafisha picha, shusha ukali mpaka mstari mweupe utoweke kwenye kingo. Blu-ray hufungwa kwa kanda za dunia, na nyingi za Marekani ni za kanda A, Afrika tuko B; diski za 4K, zenye picha kali zaidi, hazifungwi kwa kanda, ila Blu-ray iliyo kwenye kasha hilohilo huenda imefungwa.

Kwenye rangi siapi. Ukarabati wa 4K wa Suspiria, filamu ya kutisha ya Italia ya 1977, ulisimamiwa na mpiga picha wake, Luciano Tovoli, na ninauamini kuliko matoleo yaliyotangulia. Lakini miaka 40 ni mingi kwa kumbukumbu ya jicho, na wekundu wa projekta si wekundu wa televisheni. Mkitaka kubishana, linganisheni fremu ileile, kwenye kioo kilekile, taa za chumba zikiwa zimezimwa.