Kupakia Programu Mapema Kwenye Kumbukumbu: Faida Yake na Mipaka Yake

Mhudumu wa duka la uchapaji katika Barabara ya Nasser, Kampala, huwasha kompyuta asubuhi, akafungua programu ya kuandikia, kisha akangoja huku taa ndogo ya diski ikimetameta bila kutulia. Saa tano anaifunga programu ile ile na kuifungua tena, nayo inatokea papo hapo. Mashine ni ile ile, ila asubuhi faili zilisomwa kutoka kwenye diski, na safari ya pili zilikuwa zimeshakaa kwenye kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita RAM.

Diski yenye sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika hutumia wastani wa milisekunde 5 na ushei kungoja tu data ipite chini ya kichwa cha kusomea, na ukijumlisha muda wa kichwa hicho kusogea, kila ombi hupita milisekunde 10. RAM hujibu kwa takribani nanosekunde 100, yaani upesi zaidi kwa kiasi cha mara laki moja. Ndiyo maana Windows XP ya mwaka 2001 ilianza kuandika orodha ya vipande vya faili ambavyo kila programu huviomba inapofunguka, na Windows Vista ikaongeza hatua ya kujifunza mazoea ya mtumiaji ili ipakie programu zake kabla hajazigusa. Katika Windows 10 huduma hiyo huitwa SysMain.

Wengi hushtuka wakiona kumbukumbu iliyo tupu kabisa imebaki kidogo. Hofu hiyo haina msingi, kwa kuwa vilivyopakiwa mapema ni akiba tu, na programu nyingine ikihitaji nafasi, mfumo huiachia mara moja pasipo kuandika chochote kwenye diski. Fundi anayefuta folda ya Prefetch kila wiki, akidai kwamba anasafisha mashine (na ninawafahamu kadhaa), anaifutia kompyuta ile orodha iliyojiandikia, na programu zitachelewa kufunguka hadi orodha iandikwe upya.

Programu zinazojiwasha zenyewe kompyuta inapowaka ni jambo jingine kabisa. Hizo hazingoji kuitwa: zinafanya kazi, zinashika kumbukumbu na kugombea diski wakati huo huo mtumiaji anapotaka kuanza kazi yake. Kwenye kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4, tano au sita za namna hiyo zinatosha kuulazimisha mfumo uhamishie sehemu ya kumbukumbu kwenye diski, na hapo ndipo mashine huganda. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utafute ukurasa wa programu za kuanzia, kisha uzime usizozihitaji, lakini kinga dhidi ya virusi uiache.

Umeme ukikatika, akiba yote ya RAM hupotea, na kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba huanza upya kupakia. Anayekatikiwa mara tatu kwa siku ataonja faida hii kidogo sana. Huyo ningemshauri abadilishe diski ya sahani kwa SSD, yaani hifadhi ya chipu isiyo na sahani inayozunguka, kabla ya kununua kitu kingine chochote, kwani SSD haina kichwa cha kusogeza, na tofauti kati ya programu iliyopakiwa mapema na isiyopakiwa hupungua kiasi kwamba aliyeketi mbele ya skrini huenda asiitambue.