Maus: kifaru cha tani 188 kilichoshindwa na madaraja

Wengi wanaoniuliza kuhusu Maus ya Ujerumani huanza na mzinga wake wa milimita 128. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni mitambo ya magari mazito, huanzia chini, kwenye minyororo, ile mikanda ya chuma ambayo kifaru hutembelea badala ya magurudumu.

Mhandisi Ferdinand Porsche alipewa kazi ya kuiunda mwaka 1942, Hitler akiwa na hamu ya kifaru kisichopenyeka. Chuma cha mbele kikafika milimita 200 na zaidi, na uzito ukapanda hadi tani 188. Tiger, kifaru kingine cha Wajerumani kilichokuwa tayari kinatisha, kilikuwa na tani 57 hivi.

Sasa, uzito huo ukitaka usididimie ardhini, lazima minyororo iwe mipana. Lakini kifaru husafirishwa kwa reli, na reli ina kikomo chake cha upana wa mzigo. Maus ikaishia mita 3.7, huku kila mnyororo ukiwa na upana wa mita 1.1. Piga hesabu mwenyewe: katikati, chini ya bodi, ilibaki mita moja na nusu tu.

Kwenye mwendo, nampa Porsche heko yake. Giaboksi ya kawaida ya kubeba mzigo ule ingekuwa balaa, basi akaifanya injini izungushe jenereta, umeme ukaenda kwenye mota mbili, kila mnyororo na mota yake. Ubaya wake ni kwamba mfumo huo unakula shaba nyingi, na Ujerumani ya vita haikuwa na shaba ya kuchezea.

Kisha mito. Madaraja ya kuhimili tani 188 yalikuwa ya kutafuta kwa tochi, hivyo Maus ilitakiwa ipite chini ya maji: inazibwa, inawekewa bomba refu la hewa, na Maus ya pili inabaki ukingoni ikiipelekea umeme kwa kebo. Ikishavuka, nayo inaivusha mwenzake kwa njia hiyohiyo. Yaani moja peke yake ikifika mtoni, safari imeishia hapo! Na zilizotengenezwa zilikuwa mbili tu.

Wamarekani walipounda kifaru chao kizito, T28 ya tani 86, waliweka minyororo minne, ile miwili ya nje ikiweza kufunguliwa na kukokotwa nyuma. Upana wa reli ukapatikana, ingawa mwendo wake ulibaki wa kinyonga.

Mwaka 1945 Wajerumani waliilipua Maus ya pili. Wasovieti wakachukua mnara wake, yaani sehemu ya juu yenye mzinga, wakaupachika kwenye bodi ya ile ya kwanza, na mchanganyiko huo ndio uliopo makumbusho ya Kubinka, Urusi.