Wanne bila mwongoza kwaya

Vijana wengi wanaokuja kujifunza fidla hapa Tabora wametoka kwaya za kanisani. Nota za do-re-mi wanazijua, na wanaweza kushika sauti yao hata ya jirani ikiwavuta. Kinachowatisha ni kukaa wanne, kila mmoja na sauti yake peke yake, bila mtu wa kuwapigia mkono mbele. Kwenye kwaya ukipotea unafumba mdomo, unadandia mbele ya safari. Kwenye muziki wa chemba, yaani wa kikundi kidogo ambamo kila sauti ina mpigaji mmoja, ukinyamaza, sauti nzima imekufa na kila mtu anajua ni ya nani. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ni kuwaondolea woga, vidole vitafuata.

Naanza na wimbo wanaoujua, wa sauti nne: ya kwanza na ya pili zinakwenda kwa fidla mbili, ya tatu kwa viola, ndugu wa fidla mwenye sauti nzito zaidi, ya nne kwa chelo, kubwa lao lenye sauti ya chini. Wanauimba, ndipo wanaupiga. Baadaye tunaingia kwa Haydn, mtunzi wa Austria aliyekuwa mtoto wa kwaya katika kanisa la Mtakatifu Stefano, Vienna, miaka mingi kabla ya kuandika kwarteti zake, yaani nyimbo za wapigaji wanne, zaidi ya 60. Wakisikia hivyo wanamwona ni mwenzao.

Penye kazi hasa ni kuanza. Mwenye fidla ya kwanza anainua upinde huku akivuta pumzi, na pumzi hiyo ndiyo yenye mwendo: akiivuta haraka wimbo utakimbia, akiivuta taratibu utatembea. Watatu wanamtazama mabega na kupumua naye. Mazoezi ya jioni nzima yanaweza kuishia kwenye nota hiyo moja ya kuanzia, nami sihesabu kwamba tumepoteza muda. Kisha namwambia mwenye viola aanzishe yeye. Binti mpole asiyewahi kumwamrisha mtu anaona watatu wamenyamaza, wanamngoja apumue.

Fidla ya kwanza na ya pili wanabadilishana viti kila wimbo. Ukimwachia hodari kiti kimoja mwaka mzima, umepata nyota mmoja na wasindikizaji watatu. Anayedharau sauti za kati namtajia mtunzi Mozart: pamoja na ufundi wake wote wa kinanda, kwenye kwarteti alipenda kushika viola.

Vikundi vingi huvunjika kwenye kukosoana. Kwetu kila mtu huanza na yake: “Mimi nimewahi pale mstari wa tatu.” Akishasema hilo ndipo anamgeukia mwenzake, tena kwa kuuliza: “Pale nikusubiri, au wewe unanisubiri?” Mkubwa akimkaripia mdogo nasimamisha mazoezi papo hapo. Watoto wetu wamefundwa kutowajibu kaka na dada zao. Mdogo atasema “sawa, dada,” na wiki ijayo hatumwoni.

Kuhusu vyombo, neno moja tu: kiangazi chetu, Juni hadi Oktoba, hukausha mbao, vigingi vya kukazia nyuzi vikateleza na nyuzi zikalegea. Paka chaki kidogo kwenye kigingi, na usiache fidla kwenye chumba cha bati mchana.

Maonyesho ya kwanza wasikilizaji ni vikundi vingine tu. Wazazi nawaita vijana wakishazoea kusikilizwa, na mapema alasiri, maana hakuna mama anayefurahia binti kurudi na giza kwa ajili ya fidla. Siku hiyo kikundi kipya kuliko vyote ndicho kinachofungua, ili wakimaliza wakae na wazazi wao wasikilize wengine wakiwa wametulia.