Kununua nyumba nje ya mji, Unguja na Pemba: yanayosemwa na yaliyo kweli

Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Mjini Magharibi una watu 593,678. Ile ya 2022 ilikuta 893,169. Watu karibu laki tatu wameongezeka ndani ya miaka kumi, na wengi wao hawakuingia Kikwajuni wala Jang'ombe, maana huko hakuna tena pa kuingia. Wamekwenda Fuoni, Tomondo, Kinuni, Mtopepo, Kianga, Chuini, Maungani, Dimani. Palipokuwa na minazi na mihogo leo pana mtaa. Familia inayotoka kwenye nyumba ya kupanga mjini ikatafuta ya kwake huko husikia maneno mengi kabla haijatoa pesa, kwa dalali, kwa jamaa, barazani. Mengine ni ya kweli. Haya hapa chini ni ya uongo, au ni nusu ya ukweli, na watu wanapoteza akiba ya miaka mingi kwa sababu yake.

"Mtaa wenye jina zuri hauna matatizo"

Mbweni na Mazizini zinatajwa kwa heshima, Fuoni inatajwa kwa msongamano. Lakini jina ni la eneo zima, na wewe unanunua nyumba moja. Shehia moja, yaani eneo dogo la utawala linalosimamiwa na sheha, inaweza kuwa na upande uliopimwa, wenye njia zilizonyooka, na hatua chache mbele yake nyumba zimejengwa kiholela mpaka gari ya kubeba mgonjwa haifiki mlangoni. Mpango mkuu wa mji wa 1982 ulitenga maeneo ya makaazi nje ya mji mkongwe na Ng'ambo, lakini watu waliongezeka upesi kuliko viwanja vilivyopimwa, na pengo hilo lilijazwa na mashamba yaliyokatwa vipande na wenyewe.

Kwa hiyo ulizia kiwanja chenyewe. Nenda Kamisheni ya Ardhi ukaulize ramani inapaonesha pahala hapo kuwa ni nini: makaazi, njia, skuli, au eneo la wazi. Wapo walionunua nyumba nzuri yenye bustani mbele, kumbe bustani ile ni hifadhi ya barabara. Siku barabara inapopanuliwa, alama nyekundu ya X hupigwa ukutani kwa aliyenunua. Muuzaji keshaondoka zamani.

"Sheha ametia saini, basi nyumba ni yako"

Hili ndilo kubwa, na ndilo linaloaminiwa na watu waliosoma na wasiosoma. Mnakaa kwa sheha, muuzaji yupo, mashahidi wapo, hati ya mauziano imeandikwa, saini na muhuri. Kila mtu anatoka ameridhika.

Saini ya sheha ina maana yake. Sheha ndiye anayejua nani anakaa wapi, nani aligombana na nani juu ya mpaka, na ushahidi wake unahitajika. Lakini yeye hahaulishi ardhi, yaani hana uwezo wa kuihamisha kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwengine. Tangu 1964 ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma, na Sheria Na. 12 ya 1992 inaiweka chini ya dhamana ya Rais wa Zanzibar kwa ajili ya Wazanzibari. Anachokuwa nacho mtu ni haki ya matumizi ya ardhi, ambayo Mzanzibari aliyefika miaka 18 anaweza kuipata kwa kupewa na Serikali, kurithi, kununua au kupewa zawadi. Mwaka 1994 ikaja sheria ya uhaulishaji, iliyounda Bodi ya Uhaulishaji wa Ardhi, na mauziano ya ardhi yanatakiwa yapitie huko. Baada ya hapo kuna usajili kwa Mrajisi wa Ardhi. Nyumba iliyokomea kwa sheha imeishia nusu ya njia, na nusu iliyobaki itakuja kudaiwa siku utakapotaka mkopo benki, au siku mwenye madai yake atakapokupeleka Mahakama ya Ardhi.

Najua safari za ofisini zinachosha. Naelewa pia kwa nini muuzaji anasema "tutamalizana baadaye". Mimi naona pesa ya mwisho isitoke mpaka karatasi ya mwisho ipatikane. Gawa malipo, na fungu kubwa libaki kwako.

Ndani ya suala hilihili la karatasi mna mambo mawili yanayofichika kuliko yote. La kwanza ni mirathi. Baba amefariki, mtoto mkubwa wa kiume anakaa ndani ya nyumba, anauza. Mtaa mzima unamjua kuwa ndiye mwenyewe. Lakini kwa sharia ya Kiislamu mama mjane ana thumuni yake ikiwa marehemu ameacha watoto, na mabinti wana mafungu yao hata kama wameolewa Pemba au wako Oman. Anachoweza kuuza yule kijana ni fungu lake tu. Uliza kama mirathi imegawiwa mbele ya Kadhi, omba kuona karatasi, kisha zungumza na warithi wenyewe, hasa wale wa kike. Hao mara nyingi hawaitwi kwenye mauziano, na wanapokuja kudai wana haki. Mnunuzi aliyezungumza nao kabla amejilinda, na amewalinda na wao.

La pili ni wakfu. Nyumba au shamba lililowekwa wakfu haliuzwi, liwe limesahauliwa kwa miaka mingapi. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndiyo ya kuulizwa, na si jirani.

"Hii ni eka ya mzee wangu, alipewa na Serikali"

Ni kweli alipewa. Baada ya Mapinduzi mashamba yaligawiwa kwa wananchi eka tatu tatu, na familia nyingi za Unguja na Pemba zinaishi kwa eka hizo mpaka leo. Ila zilitolewa kwa kilimo. Kuzikata viwanja na kuviuza bila ya idhini ya Serikali hakumpi mnunuzi haki yoyote iliyo madhubuti. Ukisikia neno "eka" katika mazungumzo, simamisha mazungumzo kwanza ukaulize Kamisheni ya Ardhi.

Pemba kuna jambo jengine juu ya hili. Sheria inatambua kuwa miti inaweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi ya mwengine, na desturi ilikuwa hivyo zamani kabla ya sheria. Unaweza kununua nyumba pembezoni mwa Chake Chake au Wete, yenye mikarafuu mitatu na mnazi uani, na msimu ukifika akaingia mtu na ngazi yake kuja kuchuma karafuu zake. Hana kosa. Na ukitaka kuukata mkarafuu upanue banda, kibali kinahitajika. Mti mmoja mmoja utajwe kwenye hati ya mauziano, na mwenyewe atajwe.

"Pakavu hapa, tumepaona kwa macho yetu"

Mlipaona mwezi gani? Nyumba nyingi huangaliwa Januari na Februari, wakati wa kaskazi, vumbi linaruka na kila bonde ni kiwanja cha mpira. Masika yanaanza Machi, na Aprili na Mei ndiyo yanapomimina. Bondeni Mwanakwerekwe, kwa miaka mingi, maji ya masika yalikuwa yakisimama kama ziwa na kuikatiza barabara, mpaka yalipokuja kuchimbwa mitaro mikubwa ya kuyatoa. Mabonde madogo ya namna hiyo yapo mengi magharibi ya Unguja, na nyumba zilizojengwa juu kidogo zinayasukuma maji kwa wa chini, kwa sababu kila sakafu ya saruji ni ardhi iliyoacha kunywa.

Wakulima wetu wanaijua ardhi kwa majina, na majina hayo yanamfaa mnunuzi. Kichanga hunywa maji upesi. Kinongo, ule udongo mwekundu, nao ni mzuri kwa msingi. Kinamo hushika maji, huvimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, na kuta hupasuka nayo. Chimba kidogo nyuma ya nyumba uone. Tazama chini ya kuta kama kuna mstari wa maji uliopigwa rangi juu yake. Waulize wanawake wa nyumba za jirani, maana wao ndio wanaokaushia nguo na kupitisha watoto kwenda skuli wakati wa mvua, wakuambie njia ipi haipitiki. Ikiwezekana, subiri masika moja kabla ya kununua. Dalali atakwambia kuna mtu mwengine anaitaka. Mwache ainunue.

Pemba mvua ni nyingi kuliko Unguja, na ardhi ni vilima na mabonde. Nyumba ya kilimani ina hewa, lakini angalia udongo ulioko nyuma yake umeshikwa na nini. Na bonde la mpunga libaki kuwa la mpunga.

"Kwenye mawe hakuna taabu, na kisima utachimba"

Fumba, Chukwani na sehemu za Dimani ziko juu ya jiwe la matumbawe, uwanda kama unavyoitwa. Msingi unapata pa kukaa, hilo kweli. Kuchimba karo, yaani shimo la maji machafu, ndiyo kazi, na gharama yake haimo katika bei uliyotajiwa. Jiwe hilo lina nyufa, na maji machafu hupita ndani ya nyufa kwa kasi bila ya kuchujwa na udongo. Kanuni ya kawaida ni kisima kikae si chini ya mita 30 kutoka kwenye karo. Juu ya jiwe la nyufa hata hizo hazikupi amani, na karo lenyewe linaweza kuwa la jirani. Karibu na bahari kuna chumvi: kisima huanza na maji matamu, kikivutwa sana bahari huingia. Yaonje mwisho wa kiangazi.

Kuhusu bomba la ZAWA, Mamlaka ya Maji Zanzibar, kuona mfereji uani hakutoshi. Ufungue. Uliza maji yanatoka siku zipi na saa ngapi, na tazama majirani wana matangi makubwa kiasi gani, kwani hakuna anayenunua tangi kubwa penye maji ya uhakika.

"Mjini ni dakika ishirini tu"

Usiku, ndiyo. Panda gari ya abiria asubuhi siku ya skuli, ushuke Darajani, ndipo utajua. Na kama mama anafanya kazi hospitali ya Mnazi Mmoja zamu ya usiku, uliza gari ya mwisho inapita saa ngapi.

"Fleti si mali, huna ardhi"

Zanzibar ina sheria ya umiliki wa sehemu za majengo tangu 2010, na fleti inaweza kuwa na hati yake. La kuulizwa ni ada ya kila mwezi ya utunzaji, na nani anaipanga.

"Nyumba mpya haina matengenezo"

Inategemea mchanga. Mchanga wa pwani usiooshwa una chumvi, na chumvi hula nondo kutoka ndani. Ukutani hutoka unga mweupe na rangi humenyuka kwa chini. Kwenye zege la juu hutokea madoa ya kutu, kisha vipande vinaanguka. Rangi mpya huficha yote hayo kwa miezi kadhaa. Nenda na fundi asiyejuana na muuzaji, mlipe siku yake, apande juu na agonge zege kwa nyundo. Ukiwa huko, andika nambari ya mita ya Tukuza, ile ya umeme wa kulipia kabla, na jina lililosajiliwa, na uulize deni la maji liko kwa nani, kabla hamjakaa kwa sheha.